Mbiu Moja, Masikio Kumi na Manne

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, tahasusi ya PCB, na nategemea kusomea famasia. Mama yangu mdogo aliugua sonona mwaka jana, akaandikiwa fluoxetine. Wiki tatu za kwanza hatukuona mabadiliko zaidi ya kichefuchefu, kisha taratibu akaanza kurudi katika hali yake. Juzi nimesoma kwamba wanasayansi wamekosa ushahidi kuwa sonona inaletwa na upungufu wa serotonini. Sasa dawa yake inafanya nini? Na kama nadharia yenyewe imeanguka, kwa nini maabara kubwa bado zinahangaika na vipokezi vya serotonini? Kuna kazi yoyote iliyobaki kwa mtu kama mimi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kusikia mama yako mdogo amepata nafuu. Nianze na la kwake kabla ya lako: vidonge asiviache kwa sababu ya habari iliyosomwa kwenye simu. Siku ya kupunguza dozi ikifika, daktari anayemtibu ndiye atakayeipanga, maana sonona iliyotulia huweza kurudi dawa ikikatwa mapema.

Habari uliyoisoma ina mzizi wa kweli. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff wa University College London na wenzake walikusanya mapitio ya tafiti za miaka mingi, wakaeleza kwamba hakuna ushahidi thabiti kuwa wenye sonona wana serotonini pungufu kuliko watu wengine. Wengi wetu tunaofundisha famakolojia hatukushtuka. Hadithi ya "kemikali ya furaha imepungua kichwani" ilikuwa rahisi kumweleza mgonjwa, na rahisi zaidi kuitangazia dawa, lakini maabarani ilikuwa imechuja zamani. Kosa lilikuwa kurukia hatua ya pili: kwamba basi na dawa zenyewe hazina kazi. Hilo ni swali jingine, na lina majibu yake. Mwaka 2018 Andrea Cipriani wa Oxford na wenzake walichambua majaribio 522 yenye wagonjwa zaidi ya 116,000. Dawa zote 21 walizozipima zilishinda kidonge kisicho na dawa. Tofauti ilikuwa ya wastani, haikuwa ya kustaajabisha, lakini ilikuwapo.

Fikiria mtoto mwenye pumu. Akivuta salbutamol kwenye pampu yake, kifua kinafunguka ndani ya dakika chache, na hakuna aliyewahi kusema kwamba pumu ni upungufu wa salbutamol. Dawa ile inagusa vipokezi vya adrenalini aina ya beta-2 kwenye misuli ya njia za hewa, misuli inalegea, hewa inapita. Chanzo cha pumu kiko kwingine. Tena waliotengeneza salbutamol walijitahidi isiguse sana vipokezi vya beta-1 vya moyoni, ili mtoto apumue bila moyo kwenda mbio kupita kiasi. Ufundi huo huo ndio unaotafutwa kwenye serotonini, ila huku njia ni ndefu na ina mashimo mengi.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mbiu ni moja, lakini kila nyumba inaipokea kwa shughuli yake: huyu anachukua jembe, yule anafunga mlango, mwingine anakimbilia uwanjani. Serotonini ni mbiu. Yenyewe haina furaha wala huzuni ndani yake. Karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko kwenye utumbo, ikisaidia kusukuma chakula, na nyingine inabebwa na chembe sahani za damu. Ya ubongoni ni kidogo, inatolewa na seli chache za shina la ubongo ambazo matawi yake yanafika karibu kila kona. (Ndizi zina serotonini nyingi, lakini ikiliwa haivuki ukuta unaotenganisha damu na ubongo, kwa hiyo usimpangie mama yako mdogo matibabu ya ndizi.) Kinachoamua maana ya mbiu ni sikio linaloisikia. Sikio hilo ndilo kipokezi: protini iliyochomekwa kwenye utando wa seli, upande mmoja ukitazama nje, mwingine ndani.

Hata historia yake haikuanzia kichwani. Mwaka 1948 huko Cleveland, Marekani, Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page walichuja kutoka kwenye seramu ya damu kitu kinachokaza mishipa, wakakiita serotonini. Muitalia Vittorio Erspamer alikuwa ameshakiona kitu hicho hicho utumboni miaka ya 1930, akakiita enteramini. Ubongoni kilipatikana 1953 kwa kazi ya Betty Twarog. Mwaka 1957, John Gaddum na Zuleika Picarelli wakaonyesha kwa utumbo wa simbilisi kwamba kuna masikio zaidi ya moja. Mofini ilizuia sehemu tu ya mkazo ulioletwa na serotonini, na dawa nyingine ikazuia sehemu iliyobaki.

Nililifanya jaribio la namna hiyo nikiwa mwanafunzi, na sijalisahau. Kipande cha utumbo kimefungwa uzi, kinaning'inia kwenye chombo cha maji ya chumvi vuguvugu yanayopulizwa oksijeni, na kalamu inachora mstari kila utumbo unapojikunja. Unaweka serotonini, kalamu inapanda. Unaweka kizuizi kwanza, kisha serotonini, nayo inapanda nusu. Mwalimu wetu alitukataza kuandika "dawa imezuia" tukaondoka. Alituuliza: ile nusu iliyobaki imetoka wapi? Elimu nzima ya vipokezi ilizaliwa katika swali hilo.

Mwaka 1979 Stephen Peroutka na Solomon Snyder wa Johns Hopkins, Baltimore, walichukua ubongo wa panya uliosagwa, wakaupa molekuli zilizotiwa alama ya mionzi na kupima ni zipi zinanata na kwa nguvu gani. Wakapata makundi mawili, 5-HT1 na 5-HT2 (5-HT ni kifupi cha jina la kikemikali la serotonini). Baadaye jeni za vipokezi zilipoanza kusomwa moja moja, idadi ikaongezeka, na leo tunahesabu vipokezi 14 katika familia saba. Kumi na tatu vinafanya kazi kwa kuamsha protini G ndani ya seli, hatua kwa hatua. Kimoja tu, 5-HT3, ni lango: serotonini ikikigusa kinafunguka na chumvi zenye chaji zinapita papo hapo.

Sasa turudi kwa mama yako mdogo. Seli ikishapiga mbiu, kuna pampu inayoirudisha serotonini ndani ili sauti ikatike. Fluoxetine, iliyotengenezwa na Eli Lilly huko Indianapolis na kuidhinishwa Marekani Desemba 1987, inaziba pampu hiyo, kwa hiyo sauti inakaa hewani muda mrefu zaidi. Kuziba kunatokea ndani ya saa chache. Kwa nini basi mlingoja wiki tatu?

Kwenye seli zile zile zinazotoa serotonini kuna vipokezi vya 5-HT1A vinavyosikiliza sauti ya seli yenyewe, kama mpiga mbiu anayejisikia na kupunguza pumzi akiona amezidi. Siku za kwanza serotonini inapoongezeka, vipokezi hivi vinaiamuru seli ipunguze kasi, na faida ya dawa inaliwa. Baada ya wiki mbili tatu vinachoka, vinapungua uwezo wa kusikia, na seli inarudi kupiga kama kawaida huku pampu ingali imezibwa. Hayo ndiyo maelezo tunayoyafundisha zaidi, ingawa mimi binafsi naamini ni sehemu tu ya jambo, kwani katika muda huo huo seli za neva zinabadilisha pia maungano yao, na kazi hiyo haifanyiki kwa siku moja. Watafiti walijaribu kukifunika kipokezi cha 5-HT1A kwa pindolol, dawa ya presha, ili wafupishe ule muda wa kungoja. Matokeo hayakukubaliana: pengine nafuu iliwahi, pengine haikuwahi.

Na kile kichefuchefu? Ni 5-HT3, lile lango nililolitaja. Liko kwenye neva za utumbo na kwenye sehemu ya ubongo inayoongoza kutapika. Mbiu ilipoongezeka kwa ajili ya sonona, utumbo nao uliisikia. Ondansetron, wanayopewa wagonjwa wa saratani kabla ya dawa kali, inafanya kazi kwa kulifunga lango hilo hilo. Kwa hiyo katika mtu mmoja, kwa kidonge kimoja, mmeona vipokezi viwili vikizungumza: kimoja kilichowachelewesha na kingine kilichomsumbua tumbo.

Hilo ndilo jibu la swali lako la pili. Kuziba pampu ni kuongeza sauti kwa masikio yote 14 kwa pamoja. Tunachotamani ni kunong'ona kwenye sikio moja, katika seli zinazohusika, bila kuamsha mengine.

Na sauti ikizidi ni hatari. Mwaka 1952 wagonjwa wa kifua kikuu katika hospitali ya Sea View, New York, walipopewa iproniazid, baadhi walichangamka kupita matarajio. Baadaye ikajulikana kwamba dawa ile ilizuia kimeng'enya kinachovunja serotonini na wenzake, na ikawa miongoni mwa dawa za kwanza za sonona. Leo linezolid, tunayoitumia kwa kifua kikuu sugu, ina tabia hiyo hiyo kwa kiasi kidogo. Mgonjwa akiichanganya na fluoxetine, au akichanganya fluoxetine na tramadol, anaweza kupata joto kali, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Kwa hiyo mama yako mdogo akienda kituo chochote cha afya, hata kwa maumivu ya mgongo tu, ataje kwamba anatumia fluoxetine.

Kuna kipokezi kimoja ambacho kila mwanafunzi wangu lazima akijue kabla sijamruhusu kuzungumzia dawa mpya, nacho ni 5-HT2B. Miaka ya 1990 Wamarekani wengi walitumia fenfluramine pamoja na phentermine kupunguza uzito. Mwaka 1997 madaktari wa Mayo Clinic wakaripoti wanawake 24 waliotumia dawa hizo ambao vali zao za moyo zilikuwa zimekakamaa, na mwaka huo huo fenfluramine ikaondolewa sokoni. Mwaka 2000 chanzo kikafahamika: fenfluramine ikishachakatwa mwilini hutoa molekuli inayoamsha 5-HT2B, kipokezi kilichopo kwenye vali za moyo, na kikiamshwa muda mrefu seli za pale huongezeka na kuinenepesha vali. Ghafla mambo mengi ya zamani yakaeleweka. Wagonjwa wenye uvimbe wa utumbo unaomwaga serotonini kwenye damu walikuwa wakipata vali za namna ile ile. Huku kwetu, miongo kadhaa nyuma, kuna madaktari waliowahi kushuku kwamba serotonini ya ndizi ndiyo inayoleta ugonjwa wa moyo kukakamaa unaoonekana sana Uganda na Nigeria. Dhana hiyo haikusimama, lakini waliokuwa wakiwaza hivyo walikuwa wameona kwamba serotonini na moyo vina habari ya pamoja.

Kinachoniumiza ni Ufaransa. Benfluorex, ndugu wa karibu wa fenfluramine anayetoa molekuli ile ile mwilini, iliendelea kuuzwa huko mpaka 2009, miaka tisa baada ya ushahidi wa 5-HT2B kuchapishwa, mpaka Irène Frachon, daktari wa mapafu huko Brest, aliposimama kidete na majalada ya wagonjwa wake. Maarifa yalikuwepo, yalikosa mtu wa kuyafikisha. Leo molekuli yoyote inayotarajiwa kuwa dawa hupimwa mapema dhidi ya 5-HT2B, na nyingi huachwa hapo hapo. Hata psilosini, kemikali inayotokana na uyoga unaoleta njozi, inakishika kipokezi hiki vizuri, na ndiyo maana siwaelewi wanaosifu kumeza dozi ndogo ndogo za uyoga huo kwa miezi mfululizo.

Upande wa pili wa familia hiyo ni 5-HT2A, ambako leo kuna joto kubwa zaidi la utafiti. Clozapine ilionyesha njia. Katika jaribio la John Kane lililochapishwa 1988, wagonjwa wa skizofrenia walioshindwa na dawa nyingine walipewa clozapine: asilimia 30 walipata nafuu ya kuonekana, dhidi ya asilimia 4 waliopewa chlorpromazine. Clozapine hufunika 5-HT2A kwa nguvu kuliko inavyofunika D2, kipokezi cha dopamini, ambayo ni mbiu nyingine ya ubongo, na wazo hilo likazaa kizazi kizima cha dawa, risperidone ikiwemo. Mwaka 2016 Marekani ikaidhinisha pimavanserin kwa njozi zinazowapata wagonjwa wa Parkinson. Hii inatuliza 5-HT2A bila kugusa dopamini, jambo kubwa kwa wagonjwa hao, kwa sababu kufunika dopamini kungewakakamaza zaidi.

Ukikiamsha kipokezi hicho badala ya kukituliza, unapata njozi. Franz Vollenweider na wenzake huko Zurich walionyesha mwaka 1998 kwamba mtu akipewa kwanza ketanserin, inayofunika 5-HT2A, psilosibini, kemikali ya uyoga ule inayogeuka psilosini mwilini, haimletei njozi. Lakini dawa iitwayo lisuride nayo inakiamsha 5-HT2A, na haileti njozi. Sikio lile lile, sauti mbili, maana mbili. Ndipo tukajifunza kwamba kipokezi si swichi ya taa yenye kuwaka na kuzima tu. Molekuli tofauti hukipinda kwa namna tofauti kidogo, na kila pindo hufungua njia yake ndani ya seli.

Ili kuliona pindo hilo ilibidi kuipiga picha protini yenyewe. Mwaka 2013 maumbo ya 5-HT1B na 5-HT2B yalichapishwa, yakiwa yamesomwa kwa kugandisha protini kuwa fuwele na kuzipiga miale ya eksirei. Mwaka 2017 maabara ya Bryan Roth, North Carolina, ikaonyesha LSD, dawa kali ya njozi, ikiwa ndani ya 5-HT2B, na juu yake kipande cha kipokezi kimekunjwa kama kawa juu ya chakula. Walipokilegeza kipande hicho, LSD ikatoka upesi zaidi. Watu walikuwa wamejiuliza miaka mingi kwa nini tone dogo la LSD linamshika mtu nusu siku nzima. Jibu likawa kifuniko.

Ukishakuwa na umbo, kompyuta inaweza kujaribu molekuli ambazo hakuna aliyewahi kuzitengeneza. Mwaka 2022 Roth, Brian Shoichet wa San Francisco na wenzao walipitisha molekuli milioni 75 kwenye umbo la 5-HT2A kwa kompyuta, wakachagua chache sana, wakazitengeneza na kuziboresha. Mbili kati ya hizo ziliwapunguzia panya dalili zinazofanana na sonona, bila ile tabia ya kutikisa kichwa ambayo panya huionyesha wakipewa dawa za njozi.

Hapo pana neno la kuangalia: zinazofanana. Panya hawezi kusema moyo wake ni mzito. Tunamweka kwenye maji tuone anaogelea muda gani kabla ya kukata tamaa, na kutoka hapo tunakisia kuhusu mwanamke aliyeshindwa kuamka kitandani. Pengine hata kipokezi chenyewe hakifanani. 5-HT1B ya binadamu ni mnyororo wa asidi amino 390. Ya panya inatofautiana nayo kwa chache, na moja tu kati ya hizo, mahali pa 355, inatosha kuzifanya dawa kama propranolol zikishike vizuri cha panya na zikikose cha binadamu. Dawa za 5-HT6 kwa ugonjwa wa Alzheimer zilileta matumaini maabarani, kisha idalopirdine ikashindwa katika majaribio matatu makubwa. Psilosibini nayo, katika jaribio la watu 233 lililochapishwa 2022, dozi ya miligramu 25 ilishinda ya miligramu 1 baada ya wiki tatu. Matokeo hayo nayaheshimu, lakini mtu aliyemeza miligramu 25 anajua fika amemeza nini, na anayejua hutarajia, na kutarajia peke yake hubadilisha hali ya mtu.

Kwa swali lako la mwisho, kazi ipo, na sehemu yake inawahitaji watu wa huku hasa. Dawa nyingi za akili huchakatwa na kimeng'enya kiitwacho CYP2D6. Collen Masimirembwa wa Zimbabwe na wenzake walieleza 1996 umbo la jeni ya kimeng'enya hicho liitwalo namba 17, ambalo ni la kawaida Afrika na linachakata polepole. Mwaka huo huo Eleni Aklillu na wenzake waliripoti kwamba karibu asilimia 29 ya Waethiopia waliowapima wana nakala za ziada za jeni, kwa hiyo wanachakata haraka mno. Kidonge kile kile cha risperidone kinaweza kuwa kikubwa kwa mtu wa kwanza na kidogo kwa wa pili, ilhali dozi iliyoandikwa kwenye boksi ilitafutwa zaidi kwa Wazungu.

Clozapine ndiyo inayonikosesha usingizi. Mwaka 1975 huko Ufini iliua wagonjwa kwa kumaliza chembe nyeupe za damu, na tangu hapo anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara, na chembe zikishuka chini ya kiwango dawa inasimamishwa. Lakini wengi wetu Afrika kusini mwa Sahara tumezaliwa na jeni ya Duffy iliyozimwa, ile inayotukinga na malaria aina ya vivax, na mwenye jeni hiyo ana chembe nyeupe za aina ya neutrofili chache tangu kuzaliwa, akiwa mzima kabisa. Kwa kipimo cha kawaida cha 1,500 kwa kila maikrolita, mtu wa namna hiyo ananyimwa dawa pekee iliyokuwa imemrudishia akili yake. Marekani ilikubali 2015 viwango vya chini zaidi kwa watu wenye hali hiyo: 1,000 kuanza dawa, na kuisimamisha chembe zikishuka chini ya 500. Ukifika chuoni, waulize walimu wako hospitali za kwetu zinatumia kiwango kipi. Kama hawana jibu, mwanangu, unaweza kuanza na hilo kama mradi wako wa utafiti wa mwaka wa mwisho.